Sentensi Niliyoisikia Mara Tatu

Waliponiomba niwe mkaguzi wa mtihani wa madaktari, nilikataa. Nilisema mimi ni daktari wa chumba cha dharura, mvi zimeniotea humo humo, na sina muda wa kuangalia watu wazima wakicheza na kompyuta. Mwalimu wa mradi, mtu mpole aliyekuja Bunia na masanduku mawili ya mashine, aliniacha nimalize. Kisha akanisukumia karatasi juu ya meza.

"Soma kwanza, dokta," alisema.

Karatasi ilikuwa na vichwa vinne: namna daktari anavyoongoza wenzake, anavyozungumza nao, anavyotambua kinachoendelea chumbani, na anavyoamua. Niliigeuza nikitafuta dawa, dozi, sindano, chochote nilichofundishwa chuoni. Nyuma palikuwa patupu.

"Dawa, badokta banazijua," alisema mwalimu. "Siye tunatafuta ile ingine."

Ile nyingine nilikuwa naifahamu vizuri. Nilikuwa nimeishi nayo miaka sita, nikila nayo, nikioga nayo, nikipanda nayo pikipiki kila asubuhi kwenda kazini. Nikakubali, ila kwa uso wa kununa, asije akadhani nimefurahi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Daktari anayepimwa anakaa peke yake mbele ya kompyuta, masikioni amevaa vifaa vya kusikilizia. Kwenye kioo anaona chumba cha dharura kilichochorwa: kitanda, mgonjwa, mashine ya mapigo ya moyo, muuguzi, na ndugu wa mgonjwa, yule ambaye kwetu tunamwita garde-malade. Akisema, wote humo wanamsikia. Lakini wanaomjibu ni watu, si mashine. Katika chumba cha pili anakaa mtu mmoja mwenye kipaza sauti, ndiye muuguzi, ndiye ndugu, na mgonjwa akiwa na nguvu ya kulalamika ndiye mgonjwa. Mkaguzi anakaa chumba cha tatu, anaona na kusikia yote, anaandika. Mkaguzi haongei. Kitufe cha kuzungumza anacho kama wengine, lakini hakigusi. Mwalimu alilirudia hilo mpaka nikamwambia nimesikia, masikio yangu bado ni mazima.

Alitaka kisa cha kupimia watu. "Kisa ya hapa hapa," alisema, "isiwe ya Ulaya." Nilikuwa nacho kimoja tu. Kila nilipojaribu kutunga kingine, kile kilirudi kukaa kwenye kiti chake.

Ilikuwa alasiri moja, miaka sita nyuma, mvua imetoka kunyesha, na wodi imejaa kwa sababu ya mambo yaliyotokea kule Djugu wiki ile, vijiji kuchomwa na watu kukimbia. Walimleta msichana wa miaka kama ishirini, amepauka midomo, anahema haraka haraka. Aliletwa na mama yake. Mama alikuwa na beseni lenye nguo na sufuria, na mguuni alikuwa na ndara moja. Nyingine ilikuwa imebaki njiani, sijui njia gani. Alikaa chini kando ya kitanda ingawa kiti kilikuwepo.

"Homa ilianza lini, mama?" nilimuuliza.

"Ndiyo," alisema mama.

"Alitapika?"

"Ndiyo."

"Kuko mahali ingine banamupatia dawa?"

"Ndiyo."

Kiswahili chake chote kilikuwa neno lile moja, na alilitoa kwa adabu, kila mara akiinamisha kichwa. Kipimo cha malaria kilisema malaria, kama kinavyosema kwa nusu ya mji huu. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto. Bandama ya malaria, nilijiambia. Niliagiza dawa, nikaagiza damu, nikapanga kila kitu sawasawa. Mtu angenipima siku ile kwa dawa tu, ningepata zote.

Halafu mama aliongea. Alisema sentensi moja, fupi, kwa lugha yake, akiangalia nyuma yangu, upande wa dirisha. Nilimwambia asiwe na hofu, damu inakuja. Akaisema tena, ile ile, safari hii akinyoosha kidevu. Mara ya tatu aliisema polepole, neno kwa neno, jinsi mtu anavyosema na mtoto mzito wa kuelewa. Kisha akanyamaza. Binti yake alifariki kabla ya saa kumi na moja jioni, chupa ya kwanza ya damu ikiwa bado inadondoka.

Kesho yake alikuja mjomba wao anayejua Kiswahili. Ndiye aliyeniambia kwamba siku mbili kabla, wakikimbia watu wanne juu ya pikipiki moja, msichana aliangukia mawe, ubavu wa kushoto. Bandama ilikuwa imepasuka, ikavuja taratibu siku mbili nzima, na mimi nilikuwa nikimimina dawa ya malaria. Sikuwa nimemgeuza kuona ubavu wake. Hilo ni kosa la mkono, nalijua, ninalikiri. Lakini mkono wangu ungepata wapi sababu ya kugeuza, kama sikujua kwamba alianguka? Aliyejua alikuwa amekaa chini na beseni lake, na alikuwa ameniambia mara tatu.

Mtu wa mbali atauliza: kwa nini hukutafuta mtu wa kutafsiri? Wauguzi wamejaa wodi nzima, piga kelele tu, nani hapa anaelewa lugha hii? Ni swali la mtu wa mbali. Hapa Bunia hatumuulizi mtu lugha yake mbele za watu. Hatumuulizi kwao ni wapi. Tumejizoeza hivyo na tumeona ni ustaarabu: kwenye wodi, watu wanaweza kulala vitanda viwili jirani, na kila mmoja amekimbia kwa sababu ya ndugu za mwenzake. Muuguzi ni muuguzi, mgonjwa ni mgonjwa, na sote tunaongea Kiswahili na Kifaransa, basi. Hata sasa sitaandika ilikuwa lugha gani. Msomaji wa huku hatanilaumu.

Kwa hiyo sikuuliza. Nikabaki na sentensi bila maana yake. Nilikuwa naijua kwa sauti tu, inavyopanda mwanzoni na kushuka mwishoni, na ilikuwa inanijia bila kuitwa: nikinyoa ndevu, nikiwa kanisani, nikiwa namsikiliza mgonjwa mwingine kabisa. Niliamini maana yake ni "alianguka". Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. Niliogopa kwamba nikijua kwa hakika, sitaweza tena kuingia chumba kile.

Nikakiandika kisa. Nilimbadilisha msichana kuwa kijana wa kiume, nikafuta ndara, nikaongeza umri wa mama. Niliandika majibu ya muuguzi na majibu ya mgonjwa. Mahali pa mama niliandika tu: mama anasema sentensi moja kwa lugha yake, mara tatu.

Aliyechaguliwa kutoa sauti alikuwa muuguzi wetu mkongwe, mama mtulivu ambaye tumefanya kazi pamoja tangu nilipofika. Ndiye aliyekuwa zamu pamoja nami alasiri ile. Alisoma kurasa zangu kwa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, na hakusema kama ametambua kitu. Alipofika pale pa mama, aliweka kidole.

"Luga gani, dokta?"

"Yoyote," nilisema. "Wanaopimwa hawatasikia maana. Sema tu kitu."

Aliniangalia muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Sawa," alisema. "Nitasema kitu."

Siku ya mtihani umeme ulikatika mara mbili kabla hatujaanza, na mwalimu wa mradi alikwenda mwenyewe kubembeleza jenereta. Madaktari watano walingoja kwenye benchi la korido wakitaniana, kila mmoja akimtuma mwenzake atangulie. Aliyeingia kwanza alikuwa daktari mmoja wa kike, mwembamba, wa mwaka wa kwanza kazini. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: huyu anaongea kwa sauti ndogo mno, nani atamsikia?

Nilivaa vile vifaa masikioni. Kwenye kioo mgonjwa alilala akipepesa macho. Waliomchora yule mama hawajawahi kumwona mama wa kwetu. Walimvisha viatu vya kufunga na kumsimamisha wima, mikono imening'inia. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, nilikuwa mkaguzi.

Daktari aliuliza homa ilianza lini. "Ndiyo," alijibu mama wa kwenye kioo, kwa sauti ya muuguzi wetu, lakini iliyozeeka. Kipimo kikaja, malaria. Daktari akaagiza dawa. Niliandika: anaamua haraka. Halafu mama akaongea.

Ilikuwa ile ile.

Sisemi ilifanana. Ilikuwa sentensi ile, ikipanda mwanzoni, ikishuka mwishoni, na kile kituo kidogo katikati ambacho nilikuwa nimekisahau mpaka nilipokisikia. Nilitazama mlango, kwa ujinga kabisa, kana kwamba mama yule angeingia na beseni lake. Kisha akili ikanirudia na nikaelewa jambo lililokuwa baya zaidi: mtu hawezi kutamka sentensi ya lugha asiyoijua, kwa ukamilifu ule, miaka sita. Labda aliielewa tangu siku ile.

Mama aliisema mara ya pili. Daktari wa sauti ndogo aliacha kuagiza.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Huyu mama iko nasema kitu, na siye hatusikie. Nani hapa anasikia luga yake?"

Sikuwa nimeandika jibu la swali hilo. Kurasa kumi na mbili nilizoandika, na hapo palikuwa patupu, kwa sababu katika miaka yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akiliuliza. Mashine ya mapigo ya moyo iliendelea kulia.

"Miye," ilisema sauti ya muuguzi, sasa ikiwa yake mwenyewe. "Miye nasikia."

"Anasema nini, mama?"

Nilisikia kurasa zangu zikifunuliwa. "Anasema mutoto alianguka kwa pikipiki. Ni siku mbili. Alianguka na ubavu ya kushoto."

Daktari alimgeuza mgonjwa, akauona ubavu, akapaza ile sauti yake ndogo kumwita mpasuaji. Baada ya dakika kadhaa namba kwenye kioo zilianza kupanda, na kijana wa kuchorwa akaendelea kupepesa macho, mzima. Nilikasirika. Naona aibu kusema, lakini nilimkasirikia mgonjwa yule asiyekuwepo kwa kupona kirahisi namna hiyo.

Nilimpa daktari alama zote nilizokuwa nazo, kisha nikaenda chumba cha pili bila kumwomba mwalimu ruhusa.

Muuguzi alikuwa ameketi, vile vifaa vya masikioni ameviweka mapajani. Nilifunga mlango. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole, lakini hasira yangu haijui foleni.

"Ulijua," nilisema. "Siku ile. Ulikuwa unasikia kila neno."

"Ndiyo, dokta."

"Alikuwa anasema mtoto ameanguka, na wewe umesimama pale na plasta mkononi!"

Alivua miwani. "Hapana. Kuanguka hakusema, ile ya saa hii nilisoma mu karatasi yako. Ile miye pia nilijua kesho yake, sawa na weye." Alifuta kioo cha miwani kwa kitenge, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Balipofika pale, nilimusalimia kwa luga yetu. Polepole tu, ilitoka yenyewe. Akafurahi. Ile ingine, ile alisema mara tatu, alikuwa anakuambia weye. Alisema: muulize huyu, yeye ananisikia."

Niliketi. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha wanafunzi, na kilipinda.

Muulize huyu, yeye ananisikia. Kidevu alichokinyoosha hakikuelekea dirishani. Kati yangu na dirisha alikuwa amesimama muuguzi. Mama yule hakuwa ananieleza ugonjwa. Alikuwa amenionyesha mlango wa kupitia, akanionyesha tena, kisha akanitamkia polepole, na nilichomjibu ni kwamba damu inakuja.

"Vitanda viwili pembeni kulikuwa bale bengine, bale banapigana na betu," aliendelea. "Na bandugu yabo mulangoni. Banajua nyumba yangu, banajua batoto yangu banasoma wapi. Nikasema mu roho: dokta akiniuliza, nitajibu. Akiniuliza yeye, itakuwa kazi tu, haitakuwa miye. Nikangojea uniulize." Alivaa miwani. "Haukuniuliza, dokta."

Ningeweza kuishia hapo. Angekuwa amekubali sehemu yake, nami ningebaki daktari ambaye hakuambiwa. Ndivyo nilivyojisimulia miaka sita, na nilijisimulia vizuri mpaka karibu nikasadiki. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na kama nisingekisema katika chumba kile, nisingekisema popote.

"Nilikuona," nilimwambia. "Aliposema mara ya kwanza, mkono wako ulisimama. Ulikuwa unakata plasta, na mkasi ukasimama. Nikajua unaelewa. Nikageuka, nikajifanya naangalia chupa ya damu, ili nisikutie matatani mbele ya watu wale. Nilijiona mtu mwema, mama. Nilitoka pale najisifu kwamba nimekuficha."

Nilidhani atalia au atanitukana, na vyote viwili nilivitaka. Hakufanya hata kimoja.

"Najua," alisema. "Miye pia nilikuona bile ulikuwa unaniangalia. Nikakushukuru."

Nje jenereta ilikohoa, ikashika tena. Aliniomba msamaha na mimi nikamwomba, na hakuna aliyemjibu mwenzake, kwa sababu msamaha wenyewe haukuwa wetu kuutoa. Mama yule aliondoka kesho yake na mjomba. Sijui kama alirudi kwao, sijui kama yuko kwenye kambi, au kama yupo. Nimewahi kumwona mara nyingi sokoni, kila mara ni mwanamke mwingine.

Mwalimu wa mradi aligonga mlango. Madaktari wanne bado walikuwa kwenye benchi.

"Tubadilishe kisa," nilimwambia muuguzi. "Sitaki uiseme tena."

"Hapana," alisema, akirudisha vile vifaa masikioni. "Baache basikie."

Daktari wa pili alimtafuta mkalimani, ila kwa kuchelewa, na mgonjwa alikwenda kupasuliwa akiwa hoi. Wa tatu alikuwa mwanaume mzuri wa kazi, mwenye mikono mizuri, niliyemfundisha mimi mwenyewe. Sauti nzito, amri fupi, kila mtu anajua la kufanya. Kipimo, malaria. Dawa, damu. Niliyasikia maneno yangu kinywani mwake, mpaka "bon" yangu ya Kifaransa ya kumalizia amri.

Mama aliongea. "Usiogope, mama," alisema daktari. "Damu inakuja."

Akaongea mara ya pili. Sasa nilikuwa naijua maana, na nilitamani nisingeijua. Daktari alikuwa anasoma namba. Shinikizo la damu lilishuka, na yeye akaongeza maji ya mshipa, sawasawa kabisa, kama nilivyomfundisha. Kwenye karatasi yangu, chini ya kichwa cha pili, kile cha mazungumzo, kalamu ilikuwa imetoboa tundu.

Mara ya tatu muuguzi aliisema polepole, neno kwa neno. Daktari hakugeuka. Namba zilikuwa zinashuka.

Mkaguzi haongei. Nilikitazama kitufe. Nilijua nikikibonyeza nitaharibu mtihani wa kijana wa watu, nitamkasirisha mwalimu ambaye hakunikosea lolote, na karatasi yangu itatupwa. Nikabonyeza.

"Mama muuguzi," nilisema, na sauti yangu ikaingia katika vyumba vyote vitatu, "weye iko unasikia luga ya huyu mama?"

Daktari aliacha kuongea. Mwalimu alifungua mlango wangu na kusimama pale. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kiti kikisogezwa.

"Ndiyo, dokta," alisema. "Nasikia."